Siku ya Kuzaliwa Mtoto: Furaha Bila Deni

Akina mama wengi tunapenda kuwafanyia watoto wetu sherehe ya siku ya kuzaliwa. Si jambo baya. Mtoto aliyezaliwa salama, akanyonya vizuri, akavuka homa na kuharisha, akaota meno, akatembea, na sasa anatimiza miaka 3 au 4, ni sababu ya kutosha ya kumshukuru Mungu na kuwaita majirani waje wale naye kipande cha keki.

Lakini sherehe hizi zimebadilika sana. Zamani, katika mitaa yetu mingi, mama alipika maandazi na chai ya maziwa, watoto wa jirani wakaja, wakaimba, wakacheza mpaka jua likazama. Siku hizi tunasikia habari za ukumbi, mshereheshaji, mpiga picha, sare za mama na mtoto, keki ya ghorofa 3 na jumba la kurukia la kukodi. Picha zinatumwa kwenye simu usiku huohuo, na mama mwingine akiziona anaanza kujiuliza mwanawe naye atafanyiwa nini mwezi ujao.

Sisi tunaowahudumia watoto katika zahanati, na kuwatembelea akina mama wenzetu kwa niaba ya kanisa, tunauona upande mwingine wa picha hizo. Yupo mama aliyekopa fedha ili mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa anatimiza mwaka 1, afanyiwe sherehe ukumbini. Mtoto alilala kabla keki haijakatwa. Mkopo ulikuwa wa aina ile inayoitwa kausha damu, wa kurejesha kila siku. Wiki ya 5 mtoto alishikwa na homa. Mama alikaa naye nyumbani siku 2 nzima, kwa sababu kila shilingi iliyoingia ilikuwa ya marejesho, hakuwa na nauli, na aliogopa kuambiwa dawa akanunue nje. Alipofika kwetu mtoto alikuwa amelegea. Tunashukuru alipona. Lakini homa ya mtoto mdogo haisubiri deni liishe, na si kila anayecheleweshwa siku 2 hupona.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mama mwenye kipato kidogo anaweza kumfanyia mwanawe sherehe nzuri, ya heshima, yenye keki na michezo, bila kukopa hata shilingi 1.

SHEREHE NI YA NANI?

Kabla ya kupanga lolote, mama na baba wakae wajiulize swali hili: tunamfurahisha nani? Mtoto wa mwaka 1 hajui kwamba leo ni siku yake. Akiona watu wengi wenye makelele, aghalabu hulia na kumng'ang'ania mama yake. Nasi sote tunajua kwamba mtu mzima hana kumbukumbu ya mambo yaliyompata akiwa na mwaka 1 au 2. Kwa hiyo sherehe ya umri huo ni shukrani ya wazazi, na shukrani inaweza kufanyika kwa sala, chakula cha jioni kizuri kidogo kuliko kawaida, na picha moja ya familia.

Mtoto wa miaka 3 hadi 6 ni tofauti. Huyu anaelewa, anahesabu siku, na anawatangazia wenzake. Lakini mwulize anataka nini. Atakuambia anataka keki, anataka fulani na fulani waje, na anataka kucheza. Hatataja ukumbi. Hatataja mshereheshaji. Mambo hayo tunayataka sisi wakubwa, tena mara nyingi kwa ajili ya macho ya wakubwa wenzetu.

ANZA NA FEDHA ULIYO NAYO

Kosa kubwa katika kupanga ni kuanza na orodha ya vitu, kisha kutafuta fedha ya kuvinunua. Anza na fedha kwanza. Hata Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama.

Njia nyepesi ni kuweka akiba ndogo mapema. Ukiweka sh. 500 kila siku kwa siku 90, utakuwa na sh. 45,000. Ukishindwa kila siku, weka kila unapoweza, na kile kitakachopatikana ndicho kitakuwa kiasi cha sherehe. Fedha ya ada, ya kodi ya nyumba, ya mtaji wa biashara, ya kikoba au ya dawa isiguswe. Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, lakini sare, viatu, madaftari na mahitaji mengine ya mtoto bado yako juu ya mzazi. Vitu hivyo vinakuja kila mwaka, na keki isivile.

Huu ni mfano wa kugawa sh. 45,000 kwa watoto 15. Bei hutofautiana toka soko hadi soko, kwa hiyo kila mama apime kwa soko lake:

– Keki ya kupika nyumbani: sh. 10,000
– Maandazi, viazi na matunda: sh. 16,000
– Kinywaji: sh. 6,000
– Mkaa na sabuni: sh. 4,000
– Mapambo: sh. 3,000
– Akiba ya dharura: sh. 6,000

Msomaji ataona tumeweka akiba ya dharura. Hii si ya kuongezea soda. Ni ya mtoto atakayeanguka akajikata, au wageni watakaozidi. Ikibaki, irudishwe kwenye kibubu, iwe mwanzo wa akiba ya mwakani.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kuungana. Katika nyumba ya wapangaji wengi, au katika jumuiya moja, hawakosekani watoto 2 au 3 waliozaliwa mwezi mmoja. Mama mmoja apike keki, mwingine maandazi, wa tatu alete kinywaji, na watoto wote wasimame pamoja. Walimu wa shule ya Jumapili nao wanaweza kuchagua Jumapili moja ya mwezi kuwa siku ya wote waliozaliwa mwezi huo. Kwa njia hiyo hata mtoto wa mjane, au anayelelewa na bibi asiye na kitu, anaimbiwa kama wenzake.

WAKATI NA WAGENI

Saa unayochagua inaweza kukuokolea nusu ya gharama. Ukialika saa 6 mchana, umealika watu kula wali. Ukialika saa 12 jioni, umewaalika wakubwa, nao watakaa hadi usiku. Alika saa 9 alasiri, watoto wakiwa wameshakula mchana na wengine wameshalala kidogo, na maliza saa 11 jioni. Saa 2 zinamtosha kabisa mtoto mdogo. Zikizidi, huchoka, hugombana na kulia. Ratiba inaweza kuwa hivi:

– Saa 9:00: kufika, kunawa mikono, michezo
– Saa 9:45: kula
– Saa 10:15: wimbo, sala na keki
– Saa 10:30: michezo tena
– Saa 11:00: kuagana

Kuhusu wageni, tusijidanganye. Katika mitaa yetu mtoto wa jirani hafukuzwi. Ukipanga watoto 8 huku uani kuna 14, hesabu 14 na ongeza 1 au 2. Ni bora kila mtoto apate andazi na kipande kidogo cha keki, kuliko 8 wale na kusaza huku wengine wakichungulia mlangoni. Wakubwa waalikwe wachache, wale watakaosaidia kuangalia watoto. Kwa watoto 15 tunashauri wakubwa 4: mmoja jikoni, mmoja mlangoni au getini, na 2 kwenye michezo.

Unapowaalika, waulize akina mama wenzako swali moja: mwanao kuna chakula kinachomdhuru? Wapo watoto wanaodhuriwa na mayai, maziwa, karanga au samaki. Uliza pia kama mtoto ana pumu au selimundu. Mwenye selimundu asiachwe kukimbia juani mpaka achoke, anywe maji mara kwa mara, na avikwe sweta kukiwa na baridi. Mwenye pumu aje na dawa yake.

CHAKULA KINACHOTOSHA

Watoto wadogo hula kidogo kidogo. Ukiwawekea sahani iliyojaa, nusu huishia chini. Kwa watoto 15 vyakula hivi vinatosha:

Maandazi. Unga wa ngano kilo 1 hutoa maandazi madogo kama 40. Kila mtoto atapata 2, na mengine yatabaki kwa wakubwa. Yapikwe asubuhi, jiko likiwa limeshaondolewa uani kabla wageni hawajafika.

Viazi. Kilo 2 za viazi mviringo, vimenywe, vikatwe vipande na kukaangwa. Wakati wa mihogo, mihogo ya kuchemsha ni rahisi zaidi.

Matunda. Ndizi mbivu 8 zikatwe nusu, na tikiti maji 1 litolewe mbegu na kukatwa vipande. Wenzetu wa Dodoma wenye zabibu wazikate kila moja vipande 4 kwa urefu. Sababu tutaieleza hapa chini.

Kinywaji. Nusu kilo ya ukwaju, ukichemshwa katika lita 4 za maji, ukachujwa na kutiwa sukari kiasi, unatosha watoto 15 kupata bilauri moja moja na wengine kuongezewa. Ukwaju umechemka, kwa hiyo ni salama. Ukitengeneza juisi ya mapesheni au maembe, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya kunywa yawepo pia kwenye ndoo safi yenye mfuniko, na kata ya kuchotea yenye mpini. Soda si lazima. Wanaoitaka sana wamiminiwe kidogo kwenye vikombe, kwani chupa nzima humjaza mtoto sukari na gesi, asile tena.

Jambo moja la kuzingatia kuhusu chakula kilichopikwa: kikae kimefunikwa, na kisikae zaidi ya saa 2 nje bila moto wala jokofu, hasa chenye nyama, mayai au maziwa. Kuharisha na kutapika kunakofuata baada ya sherehe mara nyingi si husuda ya mtu. Ni chakula kilichopikwa usiku kikaliwa alasiri ya pili, au mikono ambayo haikunawiwa.

KEKI YA JIKO LA MKAA

Keki ya dukani ndiyo inayokula fedha nyingi. Lakini keki inapikika vizuri kwa jiko la mkaa na sufuria. Vinavyohitajika ni:

– Unga wa ngano nusu kilo
– Sukari robo kilo
– Siagi au majarini robo kilo
– Mayai 6
– Baking poda vijiko 3 vya chai
– Maziwa kikombe 1
– Ganda la chungwa 1 lililokwaruzwa

Saga majarini na sukari kwa mwiko mpaka iwe laini na nyeupe. Mtoto mwenyewe anaweza kushika mwiko kidogo, na hiyo ni furaha ambayo hailipiwi. Tia mayai moja moja huku ukikoroga. Changanya unga na baking poda, uchekeche, kisha uutie kidogo kidogo pamoja na maziwa. Malizia na ganda la chungwa.

Paka sufuria nzito mafuta, tandika karatasi safi chini yake, mimina mchanganyiko usizidi nusu ya sufuria. Weka juu ya moto mdogo sana, kisha funika kwa mfuniko bapa na upange makaa mengi yenye moto juu yake. Kumbuka: moto mkubwa uwe juu, moto mdogo uwe chini. Ukikosea hapo, keki itaungua chini na kubaki mbichi katikati. Usifunue kabla ya dakika 30. Kwa kawaida huiva kati ya dakika 45 na saa 1. Choma katikati kwa njiti safi. Ikitoka kavu, imeiva. Ikipoa, ikate vipande vidogo 24 au zaidi. Urembo wa sukari si lazima. Unaweza kuandika herufi ya jina la mtoto kwa vipande vya ndizi.

Tahadhari: jiko la mkaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Kamwe lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imeua familia nzima zikiwa usingizini.

Kuhusu mshumaa, mtoto anapoupuliza mate huruka juu ya keki yote. Ni vizuri kukata kipande kimoja, ukachomeka mshumaa hapo, mtoto akapuliza kipande chake mwenyewe. Kisha zimeni na muweke kiberiti mbali.

MAPAMBO NA MICHEZO

Kanga na vitenge vyako vya kabatini, vikifungwa vizuri ukutani au kwenye kamba, hupendeza kuliko mapambo mengi ya kununua. Kata kalenda za zamani na karatasi za rangi vipande virefu, uvigundishe kuwa mnyororo. Watoto wakubwa wa nyumbani wanaweza kufanya kazi hiyo Ijumaa jioni. Majani ya mnazi na maua ya uani hayauzwi.

Kuhusu nguo, nguo yake nzuri ya kanisani inatosha. Imefuliwa na kupigwa pasi, mtoto hatajua kwamba si mpya. Picha zipigwe kwa simu ya mmoja wenu. Lakini kabla ya kurusha picha za watoto wa wenzako, waombe ruhusa wazazi wao.

Kwa michezo, tafuta shangazi au dada mchangamfu awe kiongozi. Watoto wa miaka 3 hadi 5 wanapenda kucheza ukuti kwa duara, kujificha na kutafutwa, kurusha mpira wa makaratasi ndani ya ndoo, na kuigiza sauti za wanyama. Mchezo wa kubeba limau kwa kijiko ni mzuri, lakini kijiko kishikwe mkononi, kisiwekwe mdomoni, maana mtoto akianguka kinaweza kumchoma kooni. Kila mtoto apigiwe makofi, aliyeshinda na aliyeshindwa. Umri huu hauhitaji zawadi ya mshindi.

USALAMA WA WATOTO

Sherehe ndogo inaweza kugeuka msiba kwa jambo dogo. Hapa tunaomba mama asome polepole.

Kukabwa. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima na vipande vya nyama ngumu visipewe watoto wa chini ya miaka 4. Njia yao ya hewa ni nyembamba, na meno yao hayajaweza kusaga vizuri. Watoto wale wakiwa wamekaa, si wakikimbia wala wakicheka. Vijiti vya mishikaki visipewe watoto wadogo. Maputo yafungwe juu, mtoto asipewe kulipuliza, na likipasuka vipande viokotwe mara moja. Kipande cha puto kikinaswa kooni ni kigumu sana kukitoa.

Mtoto aliyekabwa ambaye bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, lakini usimwache peke yake. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, tuma mtu akatafute usafiri wa kwenda kituo cha afya, huku wewe ukifanya hivi:

1. Kwa mwenye zaidi ya mwaka 1, mwinamishe mbele, umpige mara 5 kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu, shika ngumi kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Endelea kubadilisha, 5 mgongoni na 5 tumboni, mpaka kitoke. Akizimia, mlaze chini. Kama unajua kufufua, anza mara moja.

2. Kwa mwenye chini ya mwaka 1, usibonyeze tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili na ukikishika vizuri, umpige mara 5 mgongoni. Kisha mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole 2 mara 5. Rudia.

Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, kwa maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Na hata kikitoka, mtoto aliyebonyezwa tumbo au kifua apelekwe akaangaliwe.

Moto na maji. Jiko, sufuria ya mafuta na birika la chai viwe mahali ambapo mtoto hafiki. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo yenye maji kidogo. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

Barabara. Mtu mzima mmoja akae mlangoni au getini muda wote. Mtoto asiondoke na mtu ambaye hakuja naye, bila mama yake kujulishwa.

Mikono. Weka ndoo yenye koki au kibuyu chirizi na sabuni karibu na mlango. Watoto wanawe kwa maji yanayotiririka, si wote kwenye beseni moja. Wakitoka chooni wanawe tena.

Na watoto wa chini ya mwaka 1 wasionjeshwe asali, iwe kwenye keki au kwa kidole, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya hatari kwa umri huo.

ZAWADI ZISIMWAIBISHE MTU

Mama mwenzetu anaweza kumzuia mwanawe asije kwako kwa sababu tu hana zawadi. Mwambie mapema: mlete mtoto, zawadi si lazima. Zitakazokuja ziwekwe chumbani na zifunguliwe wageni wameondoka. Zikifunguliwa mbele ya watu, mtoto aliyeleta penseli moja atajiona mdogo mbele ya aliyeleta baiskeli. Baadaye mfundishe mwanao kushukuru kwa zote sawasawa.

Vilevile usijilazimishe kuwapa watoto mifuko ya zawadi wanapoondoka. Andazi moja lililofungwa vizuri la kumpelekea mdogo wake nyumbani linatosha.

NDUGU WAKISEMA

Hapa ndipo akina mama wengi hushindwa. Wifi anasema, "Mtoto wa kaka yangu hawezi kufanyiwa sherehe ya maandazi." Shoga anasema, "Mwaka jana wa kwangu nilikodi ukumbi." Mama anaona haya, anakwenda kukopa.

Kwanza, mume na mke wawe na neno moja. Mkikubaliana kiasi, kisiongezwe na mmoja kwa siri. Deni analofichwa mwenzako huumiza ndoa zaidi likigundulika. Pili, jibuni kwa upole na heshima. Unaweza kusema, "Wifi, tunakushukuru kwa kumpenda mtoto. Sisi tumejaliwa kiasi hiki. Ukitaka kumwongezea, tungefurahi ukimletea madaftari na soksi za shule." Atakayetaka kusaidia kweli atasaidia, na aliyetaka maneno tu atanyamaza.

Tatu, tusiwe sisi wenyewe chanzo cha mashindano. Tukienda kwenye sherehe ya mwenzetu aliyepika maandazi, tusinong'one tukitoka. Tumsifu, tumsaidie kuosha vyombo. Mama akijua kwamba wenzake hawatamsema, hana sababu ya kukopa.

FUNGUA KADI YA KLINIKI

Kabla hatujamaliza, tunapendekeza jambo moja lisilogharimu kitu. Siku ya kuzaliwa mtoto iwe pia siku ya kufungua kadi yake ya kliniki. Tazama: je, chanjo ya surua na rubela amepata zote 2, ya miezi 9 na ya miezi 18? Matone ya vitamini A amepewa kila baada ya miezi 6? Dawa ya minyoo je? Uzito wake unapanda, au mstari umelala? Wazazi wengi wakimaliza chanjo za mwaka wa kwanza huiweka kadi chini ya godoro, wasirudi tena kliniki. Mtoto apimwe uzito mpaka atimize miaka 5. Kama kuna kilichokosekana, mpeleke wiki hiyohiyo.

Na kama hana cheti cha kuzaliwa, ulizia kituo cha afya au ofisi ya kata. Mikoa mingi ya Tanzania Bara ina mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 na kuwapa cheti bila malipo. Mtoto aliyefanyiwa sherehe ya miaka 4 asiwe na karatasi inayoonyesha alizaliwa lini? Shule itaihitaji.

Ndugu msomaji, mtoto wako hatakuuliza keki ilikuwa ya shilingi ngapi. Atakumbuka kwamba aliimbiwa, alikoroga unga pamoja na mama, na baba aliwahi kurudi siku hiyo. Anza leo kuweka sh. 500 kwenye kibubu, na umwombe mwenzako wa jirani aanze pamoja nawe. Siku ikifika pikeni, imbeni, mshukuruni Mungu, kisha mlale mkijua kwamba kesho asubuhi hakuna atakayegonga mlango kudai chake.